Ukakasi si Uchungu: Ladha Nazo Zahitaji Kiswahili

Yapo madai ambayo yamerudiwa mara nyingi hata yakafanana na kanuni: kwamba Kiswahili ni lugha tamu ya mahaba, mashairi na majukwaa ya siasa, lakini kikifikishwa mbele ya jambo linalohitaji upimaji wa kina hukwama, kikalazimika kuomba maneno kwa jirani. Katika makala haya nakusudia kuyapima madai hayo kwa kitu ambacho wengi watakiona kigeni kabisa, nacho ni bilauri ya mvinyo mwekundu ulio mchanga. Mfano huu nimeuchagua kwa makusudi. Ikiwa Kiswahili kinaweza kukieleza na kukihukumu kinywaji ambacho hakikuzaliwa kwetu, basi kwa hoja gani kitanyimwa nafasi katika mnada wa chai wa Mombasa na mnada wa kahawa wa Nairobi, ambako riziki ya mamia ya maelfu ya familia huamuliwa na ulimi wa mwonjaji?

Niwaondolee shaka mapema wasomaji ambao dini au dhamiri zao zimewaharamishia kileo. Simshawishi mtu kunywa. Waonjaji wa mvinyo wenyewe, wakiwa kazini, hutema walichoonja, kama wafanyavyo wenzao wa chai. Kinachonishughulisha hapa ni maneno, na maneno hayalevyi.

Wala si kweli kwamba wasemaji wa Kiswahili walikuwa wageni wa jambo hili tangu jadi. Neno mvinyo tulilipata kwa Wareno, waliotia nanga pwani yetu mwaka 1498. Neno divai asili yake ni Kifaransa. Kabla ya yote mawili tulikuwa na tembo la mnazi, ambalo hugemwa likiwa tamu, likawa kali kadiri saa zinavyopita, na mwisho likaishia kuwa siki. Mgema na wateja wake walijua vyema kwamba umri wa kinywaji ni sehemu ya thamani yake. Walijua pia kwamba sifa zisizopimwa huharibu bidhaa, ndiposa wakatuachia methali isemayo kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji.

Sasa tuelewe kinachopimwa. Zabibu nyingi nyeusi zikikamuliwa hutoa maji yasiyo na wekundu. Rangi ya mvinyo mwekundu hutokana na maganda, ambayo huachwa yaloane na maji hayo yanapochachuka. Pamoja na rangi, maganda, kokwa na vikonyo hutoa tanini, dutu za jamii moja na zile zilizomo katika majani ya chai. Mvinyo ukiwa mchanga, tanini hizo huwa bado hazijatulia, na kwa sababu hiyo mtu asiyezoea hukunja uso na kusema, "Hii ni chungu." Hapo ndipo kosa la kwanza la lugha linapotendeka, nami nitalirejelea hivi punde.

Mvinyo mchanga una majaaliwa mawili. Upo ule uliokusudiwa kunywewa upesi, na mfano wake mashuhuri ni Beaujolais Nouveau wa Ufaransa, unaotengenezwa kwa zabibu ziitwazo Gamay. Vishada vizima huwekwa katika tangi lililojaa gesi ya kabonidayoksaidi, uchachukaji ukaanzia ndani ya tunda lenyewe, na rangi ikapatikana bila tanini nyingi. Tangu mwaka 1985 mvinyo huo huzinduliwa Alhamisi ya tatu ya mwezi wa Novemba, majuma machache tu baada ya mavuno. Kuulaumu kwa kukosa kina ni sawa na kulilaumu dafu kwa kutokuwa nazi.

Upo pia mvinyo mchanga uliokusudiwa kungoja. Katika jimbo la Bordeaux, huko huko Ufaransa, waonjaji huitwa majira ya kuchipua yanayofuata mavuno, mvinyo ungali katika mapipa, na kwa hukumu yao bei hupangwa na watu hununua kitu watakachokabidhiwa baada ya mwaka mmoja au zaidi. Mwonjaji hapo hutakiwa kuonja kilichopo na kutabiri kitakachokuwapo. Mvinyo wa mavuno ya mwaka 1982 ulipoonjwa ungali mchanga, wakosoaji kadhaa walishuku kwamba ulikuwa laini mno na hautadumu. Mmarekani Robert Parker, mwanasheria aliyegeuka mwonjaji, aliusifu waziwazi. Baadaye mavuno hayo yakaja kuhesabiwa miongoni mwa yaliyo bora zaidi ya karne ya ishirini, na jina la Parker likapaa. Walioafikiana naye mapema walinunua kwa bei nafuu, waliosita wakalipa zaidi. Fedha nyingi, basi, zilitegemea maelezo ya maneno juu ya kitu kilichokuwa bado kinakua.

Je, Kiswahili kina maneno ya kupimia kitu kinachokua? Msomaji na autazame mnazi. Tunda lake changa kabisa ni kidaka, likikua kidogo ni kitale, kisha huwa dafu, halafu koroma, na mwisho nazi. Hayo ni majina matano kwa umri wa tunda moja, na kila jina lina matumizi na bei yake sokoni. Lugha yenye utaratibu kama huo haiwezi kudaiwa kuwa kipofu mbele ya umri wa mvinyo.

Upimaji wenyewe huanza na macho. Bilauri huinamishwa juu ya kitambaa cheupe, na mwonjaji akatazama ukingo wa kinywaji. Mvinyo mchanga huwa na ukingo wa zambarau. Unapozeeka, ukingo huelekea rangi ya matofali, na hatimaye hudhurungi. Hapa Kiswahili hakihitaji hata kujitetea, kwa sababu zambarau ni rangi na ni tunda pia. Mtoto aliyekulia chini ya mzambarau anaijua rangi hiyo kwenye ulimi wake, na anajua jinsi tunda lenyewe linavyokausha mashavu kwa ndani. Zambarau moja humfunza mengi kuhusu mvinyo mchanga kuliko kurasa kumi za kitabu.

Baada ya macho ni pua. Kiswahili kimetupa tofauti ambayo lugha nyingi huipata kwa kuongeza kivumishi: kitu hunuka au hunukia. Kwa kiambishi kimoja tu, msemaji amekwisha kutoa hukumu. Fauka ya hayo tuna shombo na vumba za samaki, uvundo wa kitu kilichooza, kikwapa cha mwili na manukato ya maua. Beaujolais mchanga aghalabu hunukia ndizi mbivu, jambo ambalo wataalamu wa kemia wamelieleza kwamba huletwa na dutu iliyomo pia katika ndizi. Mvinyo uliolazwa katika mapipa ya mwaloni yaliyochomwa ndani hunukia karafuu, nako si kutafuta tashbihi tu, kwani dutu iitwayo yujenoli, inayoipa karafuu ya Pemba harufu yake, hupatikana katika mti huo uliochomwa. Na mvinyo ulioharibika? Ukinuka siki, hewa imeuingilia. Ukinuka ukungu kama nguo zilizofungiwa zikiwa mbichi, kizibo chake kina kasoro. Mpishi yeyote wa Lamu au Mombasa angeyatambua haya yote bila kamusi.

Ulimi ndio wenye kazi nzito zaidi, na hapa pana ugumu wa kweli ambao si haki kuuficha. Neno kali tumelibebesha mizigo mingi. Limau ni kali, pilipili ni kali, pombe ni kali, hata kisu, jua na mwalimu pia. Neno chungu nalo tumelirushia kila kisichopendeza. Mtu akisema mvinyo mchanga ni mkali na mchungu, hajatuambia lolote la kutusaidia kuamua. Lakini umaskini huo ni wa matumizi yetu. Hazina ya lugha imejaa. Kwa ladha ya limau na embe bichi tunalo neno ugwadu. Kwa dawa ya mwarobaini tunao uchungu. Kwa joto la pilipili au la kileo kooni na tuuache ukali. Na kwa ile hali ya ndizi mbichi, ya bibo na ya zambarau, ambapo ulimi huwa kama umepigwa msasa na mate kukauka, tuna neno ukakasi. Kwa kilichokosa nguvu tuna dufu na chapwa, na kwa kilichofikia kiwango chake tunasema kimekolea.

Tofauti baina ya ukakasi na uchungu si mchezo wa wanaisimu. Uchungu ni ladha, nao hutambuliwa na vionjio vya ulimi. Ukakasi ni mguso: tanini hushikamana na protini zilizomo katika mate, mate yakapoteza utelezi wake, na kinywa kikahisi kukwaruzwa. Kwa sababu iyo hiyo maziwa huipunguzia chai ukakasi, maana tanini hukutana na protini za maziwa kabla ya kukutana na mate. Katika mvinyo mchanga, ukakasi uliosindikizwa na ugwadu wa kutosha na ladha nono ya tunda ni dalili njema, kwani miaka itaulainisha. Ukakasi mkavu usio na tunda nyuma yake hautangojewa na mtu, kwa kuwa tunda litakufa kabla tanini hazijalainika. Atakayetumia neno chungu kwa hali zote mbili atautupa mvinyo ulio bora na kuuweka ulio hafifu, asijue kilichomponza.

Wapo watakaoniambia kwamba maneno ya waonjaji ni porojo za matajiri. Hoja hiyo ina mashiko, na haifai kupuuzwa. Mwanaisimu Adrienne Lehrer wa Marekani, katika kitabu chake cha mwaka 1983 kuhusu mazungumzo ya mvinyo, alionyesha jinsi wanywaji wa kawaida walivyoshindwa kuoanisha mvinyo na maelezo yaliyotolewa na wenzao. Mwaka 2001 watafiti Gil Morrot, Frédéric Brochet na Denis Dubourdieu walichapisha jaribio walilowafanyia wanafunzi 54 wa elimu ya mvinyo mjini Bordeaux. Mvinyo mweupe ulitiwa rangi nyekundu isiyo na harufu, na wanafunzi wakaueleza kwa msamiati wa mvinyo mwekundu. Macho yalikwisha kuiamuru pua.

Hata hivyo, majaribio hayo hayathibitishi kwamba ladha hazisemeki. Yanathibitisha kwamba maneno yasiyofunzwa kwa pamoja hayaaminiki. Mwaka 2014 watafiti Asifa Majid na Niclas Burenhult walilinganisha wasemaji wa Kiingereza na wasemaji wa Kijahai, jamii ya wawindaji katika rasi ya Malay. Wasemaji wa Kiingereza walijikongoja kuzitaja harufu, kila mmoja akawa na maelezo marefu yake. Wajahai walizitaja kwa wepesi na kwa kuafikiana kama walivyozitaja rangi. Msamiati mpana wa harufu, kumbe, hauji na utajiri wala na vitabu. Huja kwa jamii iliyozoea kuzungumzia harufu kila siku. Ikiwa wawindaji wa msituni wamewapiku wasemaji wa lugha inayosifiwa kwa sayansi, sisi twaogopa nini?

Historia ya mvinyo yenyewe inatupa funzo jingine. Tarehe 24 Mei mwaka 1976, mjini Paris, Mwingereza Steven Spurrier aliwaalika waonjaji mashuhuri wa Ufaransa kuonja mvinyo bila kuona majina ya chupa. Katika kundi la mvinyo mwekundu, ule wa Stag's Leap Wine Cellars kutoka California, wa mavuno ya mwaka 1973, ulitangulia mbele ya majina makubwa ya Bordeaux. Watetezi wa Bordeaux walisema kwamba mvinyo wao ulikuwa bado mchanga na ungeshinda baada ya miaka. Uonjaji uliporudiwa mwaka 2006, miaka thelathini baadaye, mvinyo wa California ulitangulia tena. Kumbe kwa muda mrefu kilichokuwa kikihukumiwa ni jina. Na jina ni neno. Mwenye neno ndiye mwenye bei.

Hilo ndilo linalonirudisha nyumbani. Kahawa yetu husifiwa ng'ambo kwa ugwadu wake safi na kwa kunukia tunda dogo jeusi la vichaka vya Ulaya, tunda lile lile linalotajwa katika kuusifu mvinyo wa zabibu za Cabernet Sauvignon. Mkulima wa Nyeri, ambaye mikono yake ndiyo iliyoichuma buni hiyo, hajapata kuliona tunda hilo shambani. Kama amelijua, amelijua katika chupa ya kinywaji baridi. Anasifiwa kwa lugha asiyoijua na kwa tunda asilolijua. Akilaumiwa pia hulaumiwa vivyo hivyo. Kahawa yake ikichachuka kupita kiasi katika matangi ya kiwanda, au ikianikwa vibaya ikashika ukungu, mwonjaji huyabaini hayo kwa mkupuo mmoja. Lakini hukumu yake kwa kawaida huandikwa kwa Kiingereza cha kitaalamu, na inapomfikia mkulima, kama inamfikia, imebaki kuwa tarakimu ya malipo. Hajui alipokosea, kwa hiyo msimu ujao atakosea tena.

Katika chai hali si tofauti. Mnada ulioanzishwa Nairobi mwaka 1956 na kuhamia Mombasa mwaka 1969 umo katikati ya mji ambao Kiswahili chake kina ukakasi, ugwadu, dufu na kukolea tangu kale. Waonjaji husimama mbele ya safu za vikombe, wakanyonya chai kwa kishindo na kuitema, wakaamua. Nje ya mlango, muuza kahawa wa mtaani anajua kukueleza kwa Kiswahili fasaha kwa nini kahawa yake ya leo ina tangawizi zaidi ya jana. Kati ya hao wawili pana ukuta mwembamba, nao umejengwa kwa maneno.

Mwanafunzi wangu mmoja aliwahi kuniuliza katika semina: "Mwalimu, kwa nini tusikubali tu kwamba biashara ya dunia inaendeshwa kwa Kiingereza?" Nikamjibu kwamba dalali na azungumze Kiingereza na mnunuzi wa London, hilo halina ubaya. Lakini biashara hiyo ina ncha mbili, na ncha ya pili ipo Kericho, Murang'a na Kisii. Wafaransa hawakungoja lugha ya wanunuzi wao ndipo waeleze mvinyo. Waliueleza kwa lugha ya mashamba yao, na mnunuzi akalazimika kujifunza. Isitoshe, Katiba ya mwaka 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Lugha rasmi isiyoweza kumweleza mkulima kwa nini chai yake imekataliwa ina urasmi wa karatasi tu.

Tufanye nini, basi? Kwanza, orodha ya istilahi za ladha na harufu isitungwe ofisini na wasomi peke yetu. Na wakae pamoja waonjaji wa chai na kahawa, wapishi wa pwani, wagema na wanaisimu, vikombe vikiwa mezani. Pili, kila neno lipimwe kwa kipimo kile kile kilichowashinda wanywaji wa Lehrer: mtu mmoja aonje na kuandika, mwingine asome na kukitambua kikombe. Neno litakalofaulu libaki, litakalofeli litupwe, hata kama limebuniwa na profesa. Tatu, vyama vya ushirika na viwanda vimpe mkulima maelezo mafupi ya Kiswahili pamoja na malipo yake: ugwadu ulikuwaje, ukakasi ulikuwaje, kasoro ilikuwa ipi na ilitokana na hatua gani ya kazi. Nne, wanafunzi wa hoteli na upishi wafunzwe kuonja kwa Kiswahili pia, ili mgeni wa Kiafrika akiuliza juu ya mvinyo asijibiwe kwa maneno yaliyokaririwa bila kueleweka.

Jirani zetu wa Tanzania, ambao huvuna zabibu mara mbili kwa mwaka huko Dodoma na kutengeneza mvinyo wao wenyewe, wana sababu kubwa kuliko yetu ya kushiriki katika kazi hii. Sisi tulete chai na kahawa, wao walete zabibu, na lugha ni yetu sote.

Mvinyo mchanga hauhukumiwi kwa kumezwa haraka. Hutazamwa, hunuswa, huonjwa, na kila dalili ikapewa jina lake, ndipo iamuliwe kama ni wa kunywewa leo au wa kuwekewa kesho. Istilahi za Kiswahili za uonjaji nazo ni changa. Zina ukakasi bado katika vinywa vyetu, na wapo watakaokunja uso na kusema kwamba hazifai. Na waambiwe kwamba huo si uchungu, na kwamba dafu linaloangushwa likiwa kidaka halina maji wala nyama.